Tingatinga: Miaka Minne Iliyozaa Mtindo

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kama vijana wengi wa kusini, alihama kutafuta riziki: kwanza mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha Dar es Salaam, alikofanya kazi za nyumbani na vibarua. Hakusomea sanaa katika shule yoyote.

Alianza kuchora mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vya dukani: vipande vya mraba vya hadibodi, kila upande takriban sentimita 60, na rangi ing'aayo ya kupakia baiskeli. Alipaka ubao mzima rangi moja, kisha akachora mnyama mmoja, pengine wawili, wakiwa wamejaa madoa na mistari. Mkewe, Agatha, alisaidia kuziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni waliokuwa wakiishi mtaa huo.

Biashara iliposhamiri, jamaa na majirani walijiunga naye, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Walijifunza kama mwanagenzi anavyojifunza kwa fundi, kwa kuketi kando yake na kushika brashi. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendeleza kazi na kuipanua. Mnyama mmoja akawa kundi. Mandhari yakaingia, kukawa na mibuyu, vijiji, masoko, na Mlima Kilimanjaro wenye theluji nyuma ya twiga na tembo. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama cha ushirika Dar es Salaam. Mpata alihamia Nairobi, na picha zake zikapendwa sana Japani. Hoteli ya Mpata huko Maasai Mara imepewa jina lake.

Wapo wanaoidharau Tingatinga kuwa ni sanaa ya watalii, kwa sababu picha hurudiwa mara nyingi na huuzwa kwa bei nafuu. Lakini unafuu huo ndio ulioifikisha kwenye kuta za watu wa kawaida, na kurudia ndiko kulikowafunza vijana wasio na ada ya chuo. Kwa mtindo ulioasisiwa na kibarua kwa rangi ya baiskeli, kulisha familia kwa zaidi ya nusu karne ni mafanikio makubwa, na unastahili nafasi katika masomo ya sanaa ya shule za Afrika Mashariki.