Kenya: wananchi wa mitaani na uwajibikaji wa polisi

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakaazi wameanzisha vituo vidogo vya haki ambavyo huweka kumbukumbu za watu wanaouawa, kujeruhiwa au kutoweka mikononi mwa polisi.

Makala haya yanaeleza jinsi vituo hivyo vilivyoanza, sheria inawapa wananchi uwezo gani, na kwa nini saa za mwanzo baada ya tukio ndizo huamua hatima ya kesi.

Chimbuko

Mjadala wa sasa una mizizi yake katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na majeraha ya risasi. Tume hiyo ilipendekeza kuundwa kwa chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi.

Katiba mpya ilipatikana mwaka 2010. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, maarufu kwa kifupi IPOA, ambayo ilianza kazi mwaka 2012.

Kabla ya hapo, mwananchi aliyekuwa na malalamiko alilazimika kuyapeleka kituoni, kwa askari wenzake wa yule anayemlalamikia. Wengi waliona heri kunyamaza.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Katiba, mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu za kukamatwa kwake, kukaa kimya, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo ukimalizika nje ya saa za kazi au katika siku ambayo mahakama haiketi.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake. Aidha, amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyetumia silaha kinyume cha sheria.

Polisi wanatakiwa kuiarifu IPOA kila mtu anapofariki dunia au kujeruhiwa vibaya kutokana na kitendo chao. IPOA huchunguza, lakini haina mamlaka ya kushitaki. Faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma, naye ndiye huamua.

Kazi ya vituo

Hapo ndipo pengo lilipoonekana. Mamlaka moja yenye wachunguzi wachache haiwezi kuwa katika kila uchochoro, na shahidi anayeishi jirani na mtuhumiwa hamfungulii mlango mgeni asiyemjua.

Kituo cha Haki ya Kijamii cha Mathare kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulijaza pengo hilo. Mwezi Mei 2017 kilitoa ripoti iliyotayarishwa na wakaazi wenyewe, ikieleza mauaji ya watu zaidi ya 50 mtaani humo kati ya mwaka 2013 na 2016. Vituo vya namna hiyo vimekuwapo pia Dandora, Kayole na Mukuru.

Kazi yenyewe haina makeke. Mara tu tukio linaporipotiwa, wanaharakati huandika mahali, saa, sare na nambari za magari. Huwatafuta mashahidi kabla hawajatishwa au kuhama. Huisindikiza familia hadi kituoni ili taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio, kisha huomba nambari ya taarifa hiyo.

Jambo zito zaidi ni uchunguzi wa maiti. Familia nyingi hazina fedha za daktari, na katika familia za Kiislamu marehemu huzikwa upesi. Lakini risasi ikizikwa pamoja na maiti, ushahidi nao huzikwa. Kuyazungumza haya na mzazi aliyefiwa saa chache zilizopita kunahitaji mtu anayeaminika, na mara nyingi mtu huyo ni mama mwingine aliyempoteza mwanawe kwa njia hiyo hiyo. Mama hao wana mtandao wao, ambao huwapokea waliofiwa karibuni.

Matokeo

Hukumu zimekuwa chache na za polepole. Mwezi Februari 2016, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kumuua bila kukusudia msichana wa umri wa miaka 14, aliyepigwa risasi nyumbani huko Kwale mwaka 2014. Kila mmoja alifungwa miaka saba.

Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi waliuawa mwezi Juni 2016, baada ya mteja huyo kumlalamikia askari mmoja. Askari watatu na mpasha habari wao mmoja walipatikana na hatia mwezi Julai 2022, yaani miaka sita baadaye.

Vikwazo

Wanaharakati wenyewe hukamatwa mara kwa mara. Tarehe 7 Julai 2020, maandamano yao ya Saba Saba yalitawanywa kwa mabomu ya machozi. Sheria ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo vyenye utata ilipitishwa mwaka 2017, lakini miaka ikapita bila huduma hiyo kuanzishwa.

Upinzani mwingine hutoka mitaani humo humo. Wapo wakaazi waliochoshwa na wizi wa kutumia silaha ambao humsifu askari anayewaua washukiwa. Vituo hujibu kwamba mshukiwa aliyekufa hawezi kujitetea, wala kuwataja walioshirikiana naye, wakiwamo askari kama wapo.

Katika maandamano ya kupinga muswada wa fedha mwezi Juni 2024, makumi ya watu waliuawa nchini humo. Kwa mara nyingine familia zilijikuta zikitafuta majina, saa na mashahidi. Palipo na majirani waliozoea kazi hiyo, faili huanza kuandikwa siku ile ile. Pasipo nao, familia huanza kutafuta ushahidi wakati mashahidi wamekwisha tawanyika.