Simu ya Mkononi na Tezi ya Thairoidi: Hofu Hii Ilitoka Wapi?

Ukifanya kazi ya tarakilishi, watu hukuuliza kila swali linalohusu kifaa chenye betri. Moja halikosi: je, mionzi ya simu inaharibu tezi ya thairoidi? Haya basi, leo tulijibu kwa njia ya historia.

Tuanze na tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama la kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia nguvu. Kazi hiyo inahitaji iodini. Iodini ikikosekana chakulani tezi huvimba ikawa rovu, na ndiyo sababu chumvi ya dukani hutiwa iodini.

Uroho huo wa iodini ndio ulioiponza. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka. Iodini-131 yenye mionzi ilitua kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi haijui kutofautisha iodini salama na ile ya sumu, ikajaza zote. Kufikia mwaka 2005 saratani ya thairoidi ilikuwa imepatikana kwa zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali. Nchini Poland serikali iliwahi: watoto zaidi ya milioni 10 walipewa iodini ya kawaida ili tezi zao zishibe kwanza.

Tangu hapo, "mionzi" na "thairoidi" yakawa maneno pacha.

Sasa tuje kwa simu. Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi huko New York tarehe 3 Aprili 1973. Miaka 20 baadaye, Januari 1993, Mmarekani David Reynard alisema kwenye televisheni kuwa simu ndiyo iliyomletea mkewe uvimbe wa ubongo. Hisa za kampuni za simu zikaporomoka. Kesi yake ilitupwa mwaka 1995 kwa kukosa ushahidi wa kisayansi, lakini hofu ilikuwa imeshaota mizizi.

Tatizo, ndugu msomaji, ni kwamba neno moja linabeba vitu viwili tofauti. Mionzi ya Chernobyl ina nguvu ya kung'oa elektroni na kukata DNA. Mawimbi ya simu ya megahezi 900 hayana nguvu hiyo. Kila chembe yake ina nguvu pungufu zaidi ya mara milioni 2 ya inayohitajika. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba yanapasha mwili joto kidogo, na simu huwekewa kikomo kwa sababu hiyo. Marekani, kwa mfano, iliweka wati 1.6 kwa kila kilo mwaka 1996.

Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Ushahidi uliotazamwa zaidi ulikuwa wa ubongo. Thairoidi iliingia mbio hizi baadaye. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa saratani ya thairoidi inaongezeka nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wakasema huenda ni kwa kuwa antena za simu za kisasa zimehamia chini, karibu na shingo.

Hoja hiyo inavutia. Lakini sisi waandishi wa programu tunajua jambo moja: ukianza kurekodi kila kosa dogo la mfumo, idadi ya makosa itapanda hata kama programu haijaharibika zaidi ya jana.

Hayo ndiyo yaliyotokea Korea Kusini. Baada ya mwaka 1999 watu wengi walianza kupimwa shingo kwa mashine ya ultrasaundi bila kuwa na dalili yoyote. Mwaka 2011 visa vilikuwa mara 15 ya vile vya 1993, zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja. Vifo? Havikubadilika. Uvimbe mdogo usiomdhuru mtu ulikuwa unaitwa saratani. Maelfu walitolewa tezi na kubaki wakimeza dawa maisha yao yote. Wengine sauti zao ziliharibika. Madaktari walipopaza sauti mwaka 2014, upasuaji ulipungua kwa theluthi moja hivi ndani ya mwaka mmoja.

Na simu je? Utafiti wa Connecticut, Marekani, uliochapishwa 2019, ulilinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya, wala haukupata uhusiano wa wazi kati ya simu na saratani ya thairoidi kwa jumla. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini ndio mwelekeo wa ushahidi.

Kwa hivyo, ukiwa na wasiwasi tumia spika au visikizi. Umbali mdogo tu hupunguza mawimbi sana. Ukihisi uvimbe shingoni, nenda kwa daktari. Ila usikimbilie kupimwa bila dalili kwa sababu ya simu tu. Wakorea wengi walidhurika na hofu ya ugonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.