Alama 6 zilizomponza mhakiki wa gemu

Ijumaa ya Agosti 2, 2024, wafanyakazi wa jarida la Game Informer la Minneapolis, Marekani, waliambiwa kazi imekwisha. Siku hiyohiyo tovuti yao ikafutwa. Aliyebofya makala yoyote, iwe ya juzi au ya miaka kumi iliyopita, aliangukia ukurasa mmoja tu wa kuaga. Jarida lilikuwa na umri wa miaka 33, na toleo namba 367, lenye Dragon Age: The Veilguard jaladani, ndilo lililofunga hesabu.

Machi 2025 kampuni ya Gunzilla Games ilitangaza kwamba imelinunua, imewarudisha wafanyakazi kazini na makala za zamani mtandaoni. Ni jambo la heri. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu mwaka hukumu za vizazi viwili vya wahakiki zilikuwa hazionekani kwa sababu bosi mmoja aliamua hivyo, na hakuna sheria iliyomzuia.

Katika maombolezo yale watu walisahau kumtazama mwenye mali. Game Informer lilikuwa la GameStop, mtandao wa maduka ya gemu, na lilikuwa limeanzishwa mwaka 1991 na FuncoLand, maduka mengine ya gemu. Yaani jarida la kumwambia mteja anunue gemu ipi na aache ipi lilikuwa mali ya muuzaji. Ni kama refa anayelala kambini kwa timu mojawapo: anaweza kuchezesha kwa haki tupu, na Game Informer mara nyingi walichezesha kwa haki, lakini mashabiki jukwaani hawataacha kuguna. Historia nzima ya uhakiki wa gemu imeandikwa katikati ya mguno huo.

Mwanzo wake ni mwaka 1981, lilipotoka Computer and Video Games nchini Uingereza na Electronic Games nchini Marekani. Miaka miwili baadaye biashara ya gemu Marekani iliporomoka, Atari ikafukia kaseti zake kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, na magazeti mengi yakazama nayo. Nintendo ilipoufufua uchumi huo ilifanya jambo la kijanja: mwaka 1988 ilianzisha jarida lake yenyewe, Nintendo Power, likawa linasifu bidhaa za mwenye nyumba kwa bei ya mwenye nyumba. Watoto walilipenda kufa.

Wahakiki wa kweli wa enzi ile, ajabu, walivaa vinyago. Electronic Gaming Monthly, lililoanza 1989, lilikuwa na mhakiki aliyeitwa Sushi-X, ninja aliyezibwa uso, bingwa wa gemu za mapigano, na jina hilo lilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja kadiri miaka ilivyopita. Kila mhakiki alikuwa na aina yake ya gemu: huyu wa michezo ya mpira, yule wa mbio za magari, mwingine wa hadithi ndefu za kuigiza uhusika ambazo zinaweza kukuchukua wiki tatu kabla hujaona mwisho. Ulikuwa utaratibu wenye akili. Mtu asiyejua kuzuia ngumi kwenye Street Fighter II hana la kumwambia anayejua, na shabiki wa ngumi ukimpa gemu ya saa 60 ya mazungumzo atalala.

Wajapani walilitatua suala hilo kwa kuweka jopo. Famitsu, jarida lililoanza 1986, liliwapa gemu moja wahakiki wanne, kila mmoja akatoa alama hadi 10, zikajumlishwa. Ilichukua miaka 12 mpaka gemu ya kwanza ipate 40 kwa 40, nayo ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998. Huko Marekani, mwaka huohuo, kijana mmoja wa tovuti ya GameSpot aliipa gemu hiyohiyo alama 10. Jina lake ni Jeff Gerstmann, na kisa chake ndicho kiini cha makala hii.

Gerstmann aliingia GameSpot mwaka 1996, tovuti ikiwa bado changa. Alikuwa mtu wa kila aina ya gemu, jambo adimu. Mwaka 2001 alitoa 10 nyingine kwa Tony Hawk's Pro Skater 3, gemu ya kuteleza kwenye vibao, na wapo waliomcheka kwamba ameipandisha gemu ya vibao hadi kiti cha Zelda. Mwaka 2006 akafanya kosa kubwa zaidi machoni pa mashabiki: aliipa Zelda mpya, Twilight Princess, alama 8.8. Kwa mtu wa kawaida 8.8 ni sifa. Kwa mashabiki wa Zelda yalikuwa matusi ya nguoni, na namba hiyo ikageuka kuwa utani wa kudumu.

Mashabiki, hata wakikasirika, hawalipi mishahara. Wanaolipa ni watangazaji. Novemba 2007 kampuni ya Eidos ilitoa Kane & Lynch: Dead Men, gemu ya wahalifu wawili wanaopora na kurushiana risasi na polisi, iliyotengenezwa na IO Interactive ya Copenhagen, walewale wa Hitman. Eidos ilikuwa imenunua nafasi ya matangazo GameSpot, na siyo kijisanduku pembeni: ukurasa wa mbele mzima ulivikwa sura za Kane na Lynch. Katikati ya mapambo hayo ukatokea uhakiki wa Gerstmann. Alama: 6.0.

Sita si sifuri. Wahakiki wengine waliipa gemu hiyo alama za jirani na hizo, na wastani wao ulikaa kwenye sitini na kitu kwa mia. Kulenga ndani ya gemu kulikuwa kuzito, wahusika hawapendeki, hadithi inaahidi zaidi ya inavyotoa. Gerstmann hakuwa amesema jambo la ajabu, ila alilisema kwenye ukuta uliopakwa rangi na mwenye gemu.

Novemba 28 akafukuzwa kazi baada ya zaidi ya miaka 10. Video ya uhakiki wake ikaondolewa na maandishi yake yakaguswa. Kampuni mama, CNET, ilikana kwamba mtangazaji alihusika, ikasema haiachishi watu kazi kwa shinikizo la nje. Hakuna aliyeamini. Wachora katuni wa Penny Arcade waliichora habari hiyo, nayo ikasambaa kabla GameSpot haijapata maneno ya kusema. Wasomaji waliivamia tovuti, wakaishushia Kane & Lynch alama za chini kabisa upande wa maoni yao, wengi bila kuigusa gemu yenyewe. Waandishi wa 1UP, wapinzani wa GameSpot kibiashara, walitoka ofisini kwao San Francisco wakaenda kusimama nje ya jengo la jirani zao kuwaunga mkono. Kwa taaluma inayodharauliwa kuwa ya watoto wanaocheza, ulikuwa mshikamano ambao waandishi wa siasa wangeuonea wivu.

Kisha wenzake wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine: Alex Navarro, Ryan Davis, Brad Shoemaker, Vinny Caravella. Mwaka 2008 Gerstmann na Davis wakaanzisha tovuti yao, Giant Bomb, na hao wengine wakawafuata. Waliweka nyota tano badala ya desimali, wakaweka nguvu kwenye video ndefu za watu wakicheza na kubishana. Nasema bila kusita kwamba kufukuzwa kule kulizaa namna mpya ya kuhakiki: sauti ya mtu akiwa na pedi mkononi, unamsikia akichoka, unamsikia akifurahi, huhitaji namba.

Kwa miaka minne Gerstmann hakusema kilichotokea, maana mkataba ulimfunga mdomo. Machi 2012 kampuni iliyokuwa ikimiliki GameSpot wakati huo, CBS Interactive, iliinunua Giant Bomb pia, na sehemu ya makubaliano ikawa kumfungua mdomo huo. Aliyoyasema ndiyo ninayoyafuata hapa, na msomaji ajue nafuata upande mmoja. Kwa maelezo yake, hakukuwa na jambazi mwenye suti aliyepiga simu moja na kumaliza kazi. Kulikuwa na wakubwa wapya waliotoka nje ya uandishi, ambao hawakuwahi kuona mtangazaji akitishia kuondoa fedha zake, na walipotishwa wakatetemeka. Kabla ya Kane & Lynch alikuwa ameshaitwa kikaoni kwa sababu ya uhakiki wa mwenzake ulioipa Ratchet & Clank mpya alama 7.5. Wakubwa wa zamani, alisema, walizoea kuwaambia watangazaji waende, nao walirudi wenyewe.

Maelezo hayo yananitisha kuliko hadithi ya njama. Njama inahitaji watu waovu, na hii ilihitaji watu waoga tu, ambao hawakosekani katika chumba chochote cha habari, Dar es Salaam ikiwemo.

Machi hiyohiyo ya 2012 lilifumuka jambo la pili. Chris Avellone wa studio ya Obsidian, watengenezaji wa Fallout: New Vegas, alieleza hadharani kwamba mkataba wao uliahidi bonasi endapo gemu ingefikisha wastani wa 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84. Metacritic ni tovuti iliyoanza 2001, kazi yake kukusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani mmoja, ikizipa baadhi ya tovuti uzito zaidi ya nyingine bila kuweka uzito huo wazi. Mhakiki aliyekaa usiku kucha akijiuliza kama New Vegas, iliyotoka ikiwa na hitilafu za kila namna, ni ya 8 au 9, hakujua kwamba anaamua pia kama programa wa California atapata fedha zake. Na wastani huo unaweka kwenye mzani mmoja gemu ya mpira, ya fumbo, ya mbio na ya kuigiza uhusika, kana kwamba 84 ya huku ni 84 ya kule. Sushi-X angecheka.

Baada ya hapo wengine walichoka na namba. Eurogamer ya Uingereza iliacha alama mwaka 2015, kisha mwaka 2023 ikazirudisha kwa sura ya nyota. Desemba 2020, Cyberpunk 2077 ilipotoka, wahakiki walikuwa wamepewa mapema toleo la kompyuta pekee, wakalisifu. Wenye PlayStation 4 walinunua wakakuta gemu inayogandaganda, na Sony ikaiondoa dukani kwake kwa takriban miezi sita. Siku hizi kijana anatazama mtu akicheza YouTube dakika kumi na ameshaamua. Kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako FIFA na PES zimetawala miaka yote, hukumu hutolewa na foleni: pedi ya gemu mbaya haigombewi. Magazeti yetu, pamoja na vijana wote hao, hayajaona sababu ya kumpa mtu hata nusu ukurasa wa kuandika kwa nini.

Na hukumu za zamani zikifutika kama zile za Game Informer, kazi ya kuzihifadhi imeachiwa watu wachache. Taasisi ya Video Game History Foundation ya California ilifungua maktaba yake ya mtandaoni Januari 30, 2025, ikiwa na zaidi ya matoleo 1,500 ya majarida ya zamani, yanayosomwa bure na yeyote mwenye intaneti. Maktaba hiyo inaendeshwa kwa michango, wakati kampuni zilizoyachapa majarida hayo kwa faida nyingi zao hazikujali hata kubakiza nakala.

Gerstmann aliondoka Giant Bomb Juni 2022. Sasa anafanya kazi peke yake, akilipwa na wasikilizaji wake moja kwa moja, na mojawapo ya kazi alizojitwisha imekuwa kuzicheza gemu za NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, moja moja na kuzipanga kuanzia bora hadi mbovu kuliko zote. Kampuni nyingi zilizozitengeneza zilishakufa, kwa hiyo hakuna wa kumpigia simu bosi wake, na bosi mwenyewe ni yeye.