Kasiksi na Haki ya Kupanda Mgomba

Kwetu Bushi, Kivu ya Kusini, ukitaka kujua nani mwenyeji na nani mpangaji, zamani ulikuwa unaangalia migomba. Aliyepata ardhi kwa kalinzi, yaani aliyemtolea mwami au mkubwa wa kijiji ng'ombe au mbuzi, alipanda migomba na watoto wake wakairithi. Aliyekodi kwa bwasa alilima maharagwe na mtama. Msimu ukiisha, anatoka. Mgomba alikatazwa. Ukikata mmoja, machipukizi yanabaki, na mwenye machipukizi kesho atadai shamba.

Ndiyo maana kasiksi haikuwa pombe tu. Kuipeleka kwa wakwe ilikuwa kusema: sisi tuna mahali.

Baba aliitengeneza hivi. Anachimba shimo, analipasha joto kwa majani makavu yanayowaka, anafukia ndizi mbichi siku kama tano. Zikiiva zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi mdogo wa mti mpaka maji yatoke. Watoto tunakunywa yale matamu kwanza. Halafu anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika. Siku ya pili au ya tatu, wazee wanafika bila kuitwa.

Baba hakuwahi kununua ndizi mpaka tulipofika Nakivale. Dada alipochumbiwa, akaenda sokoni, akachagua mikungu mitatu mikubwa, ya bei nzuri. Tulikanda mpaka mikono ikauma. Ukatoka uji mzito, maji hakuna. Jirani Mnyankole akacheka: "Mzee, hii ni matooke, ya kupika! Tafuta mbidde."

Basi tukajifunza kununua. Ndizi ya pombe ikiwa mbichi, onja kidogo: ni chungu, inakausha ulimi. Usidanganywe na ukubwa wa mkungu. Na ukiona umeanza kuwa wa njano huku ndizi bado nyembamba, kata moja. Ndani ikiwa na madoa ya kahawia kama kutu, acha. Huo ni mnyauko wa bakteria, uliotambuliwa Uganda mwaka 2001, ukapiga sana aina ya kayinja, ile ile ya pombe. Kivu nako umefika. Unasambazwa na wadudu, na pia na panga letu: ukikata mgomba mgonjwa, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine.

Dada aliolewa, na kasiksi ilikuwepo, ya ndizi za kununua. Wakwe walisifu. Baba alinyamaza. Usiku akasema, "Leo nimekunywa bwasa."

Hapa kiwanja tunapewa kutumia, si kumiliki. Hata hivyo, mvua iliyofuata baba aliomba chipukizi moja kwa yule jirani, akalipanda nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi wa shirika, siku unagawa mbegu za maharagwe na mzee akakuuliza kama kuna miche ya migomba, usidhani anawaza pombe. Anakuuliza tutakaa hapa mpaka lini.