Mto Tulioupa Kisogo

Kila tunapoadhimisha kuasisiwa kwa hekalu letu, huwataja waliochanga fedha na waliobeba mawe. Safari hii naomba tumtaje jirani aliyetutangulia sote, yaani Mto Nairobi, ambao jiji lilirithi jina lake. Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi.

Mto huu huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita Chiromo na chini ya kilima cha Makumbusho, kisha hushuka Gikomba na Dandora hadi kuungana na Athi. Maji hayo hayo huitwa Sabaki yanapoingia baharini, kaskazini ya Malindi. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi ilipigwa hapa kwa sababu ya maji, na wazee wetu wakafungua maduka. Mwaka 1902 tauni ilizuka na Bazaa ya Wahindi ikachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Wakajenga upya, wala hawakwenda mbali na mto.

Sisi tuliofuata ndio tulioupa kisogo. Tazameni Barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa zamani Grogan Road: maduka ya upande wa mto yote yanatazama barabara. Nami nilikuwa na gereji huko kwa miaka mingi. Mafuta machafu ya injini yalitoka kwa mlango wa nyuma, na jioni nilioga, nikaja hekaluni kusikiliza sifa za Ganga.

John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, alianza kazi ya kuusafisha. Bustani yenye jina lake ingali kando ya mto. Lakini aliyenitia haya ni Profesa Wangari Maathai. Mwezi wa Oktoba 2011 mwili wake uliteketezwa kwa heshima huko Kariokor, pale pale tunapowaaga wafu wetu, si mbali na mto. Jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwezi uliofuata nilinunua mapipa mawili ya kuwekea mafuta machafu. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka ishirini na zaidi.

Maua ya puja bado hupelekwa mtoni na baadhi yetu, mengine pamoja na nyuzi na karatasi za kung'aa. Shimo la mboji limekwisha kuchimbwa nyuma ya jikoni la hekalu. Nyuzi zitolewe kwanza, kisha maua yapelekwe huko. Na majirani wenye bustani waje na magunia yao wakati wowote, mboji ni yao pia.