Kafi na Umri: Habari za Mbio Ndefu za Mitumbwi

Katika darasa la jioni la watu wazima hapa Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulipata kuandika ubaoni kwamba kafi na kasia ni maneno mawili yenye maana moja. Lilikuwa kosa. Aliyetusahihisha alikuwa mzee mmoja aliyeketi kiti cha nyuma, mtu aliyevua samaki katika Ziwa Tanganyika tangu ujana wake hadi vita vilipomtoa kwao. Aliinua mkono, akasema kwa Kiswahili cha Kivu: "Mwalimu, unisamehe kidogo. Mwenye kupiga kasia anaangalia kule alitoka. Mwenye kafi anaangalia kule anaenda."

Hakika ndivyo ilivyo. Kasia hufungwa ubavuni mwa mashua, na mpigaji hukaa ameupa mgongo upande wa omo. Kafi ni fupi, halifungwi popote, hushikwa kwa mikono miwili, na mpigaji hutazama mbele. Ndiyo maana Bi Kathleen Noble, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa mpiga makasia, na si vema tumwite mpiga kafi. Tulifuta ubao. Lakini mzee yule hakuwa amemaliza. Mjukuu wake alimwonyesha katika simu picha za watu wenye mvi wakishindana kwa mitumbwi myembamba katika nchi za mbali, naye alitaka kujua kama jambo hilo ni la kweli, na kama ni la kweli, limeanzaje. Makala haya ni jibu letu kwake, na tumeona si vibaya walimu wenzetu walisome pia.

Tuanze na neno lenyewe. Kafi ni neno la kale sana, lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu: Wakongo wa magharibi husema nkafi, na Waganda husema enkasi. Chombo chenyewe kimepata bahati tofauti. Mnyankole husema obwato, Mnyarwanda na Mrundi husema ubwato, na Mganda eryato, yote yakiwa ya shina moja. Sisi Waswahili tumebaki na mtumbwi, hori na ngalawa. Hata hivyo ufundi ni wa zamani pwani kama ulivyo wa zamani maziwani. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja katika pwani yetu. Mwanafunzi wa leo hukariri methali ya tezi, omo na ngama pasipo kuwahi kukanyaga ngama yoyote.

Katika bara, habari zilizoandikwa za safari ndefu za kafi ni za wageni, na wageni waliandika zaidi habari zao wenyewe. Mwezi Novemba 1871 Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wapate kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Waliona kwamba waingia. Livingstone alikuwa na umri wa miaka 58, na jina lake latajwa katika kila kitabu cha shule. Waliompeleka walipiga kafi mchana kutwa, siku baada ya siku, wakilala ufukweni. Umri wao haukuandikwa, na majina ya wengi wao hayajulikani. Mzee wetu alipoisikia habari hii alisema tu kwamba njia hiyo anaijua.

Kwa Buganda habari ni nyingi zaidi. Mtumbwi mkubwa wa Kiganda haukuwa gogo lililochimbwa tu. Ulikuwa na mkuku wa mti mmoja, kisha mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na mbele yake uti uliochomoza na kupambwa kwa pembe za swala. Stanley, aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875, aliupima mmoja akakuta una urefu wa futi 72 na nafasi za wapiga kafi 64. Aliona pia mamia ya mitumbwi iliyokusanywa kwa vita dhidi ya watu wa Buvuma. Mkuu wa majini aliitwa Gabunga, naye alikuwa mkuu wa ukoo wa Mamba. Hapa mwalimu wa Kiswahili ajihadhari: mamba wa Waganda ni yule samaki tumwitaye kamongo, wala si mnyama mwenye meno aliyemo mtoni. Tumewahi kusoma insha nzima ya mwanafunzi iliyojengwa juu ya kosa hilo, na ilikuwa insha nzuri.

Tena mitumbwi hiyo yatuhusu kwa sababu nyingine. Kiswahili kiliingia Buganda kwanza kwa njia ya nchi kavu, kwa wafanyabiashara waliopitia Karagwe, ng'ambo ya Kagera kusini mwetu. Baadaye safari za kuvuka ziwa kutoka pwani yake ya kusini ziliongezeka, na mizigo, barua na wageni vikapitia mikononi mwa wapiga kafi. Mutesa mwenyewe alijifunza Kiswahili. Huenda maneno yetu mengi yaliingia nchi hii yakiwa yameketi juu ya mbao zilizoshonwa.

Kisha ufundi huo ulivunjika, tena kwa ghafula. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikachukua mizigo. Lililo baya zaidi ni ugonjwa wa malale, ulioanza mwanzoni mwa karne hiyo na kuua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni katika pwani na visiwa vya kaskazini mwa ziwa. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ukingoni, na visiwa vya Ssese, makao ya mafundi na wapiga kafi mashuhuri, vikaachwa vitupu kufikia mwaka 1909. Mvuvi aliyehamishiwa bara kwa miaka kumi huwafundisha nini wanawe? Sisi tuishio Nakivale tunalijua swali hilo bila kufundishwa. Baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1993, Waganda wamezihuisha mbio za mitumbwi za koo mbele ya Kabaka, na watu hufurika kuzitazama. Ni mbio fupi za shangwe, na wapigaji wengi ni vijana.

Hizo mbio ndefu alizoziona mzee katika simu zina nasaba nyingine. Wazungu walijifunza kayaki kwa watu wa Greenland na nchi za barafu, ambao waliitumia kuwindia. Katika mwaka 1865 Mskoti John MacGregor alizunguka Ulaya kwa mtumbwi wake, akaandika kitabu, na mchezo ukaenea miongoni mwa wenye nafasi. Mwaka 1948 Waingereza walianza safari ya kutoka Devizes hadi Westminster, maili 125, yenye mahali 77 ambapo mshindani hutoka majini, hubeba mtumbwi wake begani, hukimbia nao, kisha huushusha tena majini.

Afrika nayo ina yake, na kwa maoni yetu ndiyo yenye kisa kizuri kuliko zote. Tarehe 22 Desemba 1951, watu wanane waliondoka Pietermaritzburg, Afrika Kusini, wakafuata mto Msunduzi na mto Mgeni kwenda Durban baharini, mwendo wa kilomita 120 hivi. Aliyefika ni mmoja tu, Ian Player, mhifadhi wa wanyama, baada ya siku 6, saa 8 na dakika 15, akiwa ameumwa na nyoka njiani. Mbio hizo, zinazoitwa Dusi, zimeendelea hata leo. Graeme Pope-Ellis alizishinda mara 15, mara ya kwanza mwaka 1972 na ya mwisho mwaka 1990. Miaka 18 baina ya ushindi wa kwanza na wa mwisho! Ni michezo mingapi inayomruhusu mtu jambo hilo?

Lakini ukweli usifichwe. Hao wanane wa 1951 walikuwa wazungu, katika nchi iliyokuwa imekwisha kuuvaa ubaguzi kama sheria. Wazulu wakaao kandokando ya mito ile walizitazama mbio kutoka ukingoni kwa miaka mingi, ijapokuwa maji yalikuwa yao na njia za miguu zilikuwa zao. Ilipofika mwaka 2008 ndipo Michael Mbanjwa, akiwa pamoja na Martin Dreyer katika mtumbwi wa watu wawili, alipokuwa mwafrika mweusi wa kwanza kuzishinda. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio ndefu yalifanyika Nottingham, Uingereza, mwaka 1988. Mwaka 2017 yalifanyika palepale Pietermaritzburg.

Sasa tuje kwenye umri. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu limeweka mashindano ya wakongwe, nao hugawanywa kwa rika za miaka mitano mitano kuanzia miaka 35. Msomaji asicheke: kwa hesabu hiyo sisi tunaoandika tu wakongwe zamani. Mpango huu una sababu. Nguvu ya kuchomoka kwa kasi humtoka mtu mapema. Uwezo wa kuvumilia mwendo wa saa mbili au tatu hukaa naye zaidi. Tena kuna maarifa. Mpigaji mzoefu hasukumi kwa mikono. Huzungusha kiwiliwili kizima, mkono ukiwa kama kamba tu. Hujibana nyuma ya ubavu wa mtumbwi wa mwenzake apate kubebwa na wimbi lake, na huujua mkondo kwa kuutazama. Kinachomwonea mzee ni kule kukimbia nchi kavu, kwa maana magoti hayana hila.

Je, mzee wa Misiera aweza kufika huko? Ziwa Nakivale ni dogo, lenye mafunjo na kina kifupi, nalo hupata maji ya mto Rwizi upitao Mbarara. Hapa kafi ni chombo cha riziki. Hakuna apigaye kwa kushindana. Lakini tumegundua jambo lililotushangaza: mwaka ule ule wa 1951, miezi mitano kabla ya Player kuingia majini, ndipo mataifa yalipotia sahihi Mkataba wa Wakimbizi mjini Geneva, na kifungu chake cha 28 chahusu hati za kusafiria. Mlango umo katika karatasi. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi iliingia Olimpiki ya Rio, ikiwa na Wakongo wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Tokyo, Saeid Fazloula, mzaliwa wa Iran aliyekimbilia Ujerumani, alishindana kwa kayaki chini ya bendera hiyohiyo. Hao wote ni vijana, waliolelewa na vilabu vyenye makocha na vyombo. Hati, nauli na mtumbwi vyatakiwa pamoja, na kwa mtu wa miaka sitini anayelima robo eka, kimoja kikikosekana vingine viwili havimsaidii.

Tulimsomea mzee haya yote jioni mbili, kwa kuwa macho yake hayapendi taa. Alisikiliza kwa makini zaidi tulipofika kwenye vipimo. Tulimweleza kwamba kayaki ya mtu mmoja katika mbio ndefu haitakiwi kupungua kilo 8, na kwamba wengi hutengeneza zao zikaribie kiasi hicho. Mtumbwi wake mwenyewe huvutwa ufukweni na watu wanne. Alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza kama hizo kilo 8 ni pamoja na maji ya ngama.