Umepata Buti za Cowboy za NOCONA Kwa Mtumba? Soma Hii Kabla Uziuze Bei ya Hasara

Njumu ikifika Dadaab, jua imetembea. Bale inashuka Mombasa, inapita Gikomba, inafika Garissa, halafu bado kuna kilomita kama 100 za jua na vumbi ndio ifike soko la Hagadera, Ifo ama Dagahaley. Sasa ukifungua bale upate buti za cowboy za madem zimeandikwa NOCONA ndani, usizirushe kwa fagia. Hizo ni kamera, na ziko na story.

Nani alizianzisha?

Fundi H.J. Justin alianza kushonea wachunga ng'ombe buti huko Spanish Fort, Texas, mwaka wa 1879. Mwaka wa 1889 akahamia mji wa Nocona. Binti yake Enid, aliyezaliwa 1894, alijifunza kazi kwa karakana ya babake. Shule aliacha akiwa na miaka 13.

Mzee aliaga 1918. Kufika 1925, makaka zake wakaamua kampuni ihamie Fort Worth. Enid akakataa kuhama. Akakopa dola 5,000, akabaki na wafanyakazi wachache, akafungua Nocona Boot Company.

Haikuwa mteremko. Wanaume hawakuamini manzi anaweza kutengeneza buti. Ndio biashara isife, akauza makaa ya mawe na mashine za kufua, na akapangisha watu vyumba. Waliomwokoa ni wachimba mafuta: aliwatengenezea buti ndefu za kamba, zikashika.

Kampuni yake iliungana na ile ya Justin 1981. Enid aliaga 1990, na kiwanda cha Nocona kikafungwa 1999.

Utajuaje ni OG?

- Jina: Chungulia ndani ya shingo ya buti. Lakini jina peke yake halitoshi, juu liliendelea kutumika hata baada ya kiwanda kufungwa. Tafuta pia maandishi ya kuonyesha ilitengenezwa Marekani.
- Herufi: Kando ya saizi, B kawaida ni upana wa kike, D ni wa kiume.
- Saizi: 8 ya kike ya Marekani ni kama 39 yetu.
- Soli: Buti nzuri ya zamani iko na soli ya ngozi iliyoshonwa. Pale katikati, mbele ya kisigino, mara nyingi utaona vijiti vidogo vya mbao.

Kuzitunza Dadaab

Jua hukausha ngozi hadi ipasuke, so weka kivulini. Pangusa vumbi na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha paka mafuta ya ngozi. Na kabla uvae, kung'uta. Nge hapendi kuamshwa na vidole.

Mbona hii ikuhusu?

Kambi hizi zilianza kujengwa 1991, na mkimbizi akitaka kutoka nje lazima awe na kibali. Siyo kila mathe wa soko anaweza kwenda Gikomba kuchagua bale mwenyewe. Anauza chenye kimemfikia. Hapo silaha yake ni moja: kujua mali yake. Usipoijua, msee anayeijua atainunua kwako bei ya kutupa, na faida yako aile Nairobi.